Kikwembe cha zamani na maji ya mto



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu aliniuliza kama kuchuja maji kwa kikwembe ni kujidanganya. Nilimjibu hapana, halafu usiku nikaona nilijibu haraka mno.

Kikwembe cha pamba ni nyuzi za seluloze, kitu kile kile kinachojenga mti. Huko Matlab, Bangladesh, wanawake walifundishwa kukunja sari ya zamani na kuchujia maji ya kunywa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: kolera ilipungua karibu nusu. Vijidudu vya kolera hushikamana na viumbe vidogo vya majini, na hivyo hukwama katika kitambaa. Kikunje walau mara nne. Kizee kinashinda kipya, kwa kuwa kufuliwa kumelegeza nyuzi na kuziba matundu. Ukimaliza, kisuuze, kianike juani.

Seluloze ikibadilishwa hufanya makubwa zaidi. Selofani hutengenezwa kwa miti. Mwaka 1943, mganga Willem Kolff wa Kampen, Uholanzi, alipitisha damu ya wagonjwa wa figo ndani ya mrija wa selofani, ule wa kufungia soseji. Uchafu ulipenya nje, damu ikabaki. Wagonjwa wa kwanza karibu wote walikufa; mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 akaokoka. (Watoto wa darasa langu waliuliza habari ya soseji tu.)

Lakini hapa kwetu kuna shaba na kobalti. Zikiyeyuka majini, hupita katika kikwembe kama chumvi inavyopita. Chuja maji ya chumvi uonje mwenyewe. Kuchemsha huua vijidudu, lakini maji yanapungua na madini yanabaki sufuriani. Watafiti wanabadilisha seluloze, na hata maganda ya kaa, ili yakamate madini hayo. Kichujio cha namna hiyo sijakiona sokoni kwetu.

Kwa hiyo, mama, chuja, kisha chemsha, lakini kwanza uliza bidoni ilijazwa wapi. Chini ya mahali wachimbaji wanapooshea mawe usichote ya kunywa wala ya bukari, hata maji yakionekana safi. Juu ya pale ni mbali, najua. Wangu nawatuma huko kila asubuhi, na kila asubuhi wananung'unika.