Tumepokea Watoto, Wazazi Tumewaacha Peke Yao

Jioni moja, wiki chache zilizopita, alikuja nyumbani mama mmoja anayejuana na mke wangu tangu usichana wao. Walikaa ukumbini wakazungumza kwa sauti ya chini, kisha nikaitwa. "Shemeji," akaniambia, "wewe unaandika, unajuana na watu. Huyu mwana nimpeleke wapi?"

Mwana mwenyewe ana miaka 13. Yeye na mumewe walimchukua kutoka makao ya watoto akiwa na miezi minane, baada ya kungoja miaka mingi bila ya kujaaliwa kizazi. Wakakubaliana siri isitoke. Mwaka huu ikatoka. Mwenzake wa chuoni alimwambia mbele ya watoto kwamba yeye ni wa kuokotwa. Tangu siku hiyo halali usiku, anachukua pesa mkobani, na yule aliyekuwa akimwita mama sasa hamwiti chochote.

Kuna jambo jengine lililozidisha. Siku hizo hizo mama alikuwa ameambiwa kwamba kijana anakaribia kubaleghe na kwamba, kwa kuwa hakumnyonyesha, yeye si maharimu wake. Akaanza kujitanda mtandio ndani ya nyumba. Hakumweleza sababu, maana kumweleza kungefichua siri. Mtoto aliona mama amejifunika mbele yake, akadhani anaadhibiwa.

Nimepewa ruhusa kuyasimulia haya, na yote yanayoweza kuitambulisha nyumba hiyo nimeyaondoa. Sikuyaandika kwa sababu ni ajabu. Nimeyaandika kwa sababu si ajabu hata kidogo.

Kabla ya kuja kwetu, mama huyu alikuwa amezunguka. Mganga alisema ni jini, akaandika kombe. Ustadhi alisema kijana amekosa adabu, aongezewe Qur'ani na bakora. Shuleni walishauri ahamishwe. Afisa wa watoto alimsikiliza vizuri, lakini faili zilikuwa zimejaa mezani, akampa barua ya kwenda hospitali. Hospitalini, kijana alipoona foleni ni ya wagonjwa wa akili, aligoma mlangoni. Mwisho alilipia mshauri nasaha wa kibinafsi, na swali la kwanza aliloulizwa ni kwa nini hawakumpa mtoto jina lao mambo yakesha. Mama akajua hapa hataeleweka.

Nikashika simu na mimi, nikijiamini kwamba nitafanya vizuri zaidi. Sikufanya. Lakini nilianza kuona kwa nini hakuna anayejibu.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitaja kafala kwa jina, kuwa njia ya Mwislamu kumlea mtoto aliyekosa malezi ya familia. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwetu. Kuasili, kwa maana ya mahakama kumfanya mtoto kuwa kama uliyemzaa kwa jina na kwa mirathi, kulikuwa kukituweka mahali pagumu. Mwaka huo huo ulianza Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi ya Watoto, wa 2022 hadi 2032, unaokusudia kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia. Nia ni njema. Mtoto hulelewa na watu, halelewi na jengo.

Lakini tazama kazi ilivyogawanywa. Maafisa wa watoto ni wa serikali ya kitaifa. Hospitali zetu, na washauri nasaha walioko ndani yake, zimekuwa chini ya kaunti tangu ugatuzi. Mambo ya dini yako kwa kadhi na msikitini. Mtoto huyu mmoja ana mguu kwa kila mmoja wao, na hakuna hata mmoja anayehesabu kwamba ni wake. Kila afisi inamaliza sehemu yake siku mtoto anapokabidhiwa. Na siku hiyo ndiyo kazi inapoanza. Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Na hawa ni wale waliopitia afisini. Wengi wa watoto wa kulea hapa Pwani hawakupitia popote. Dada alifariki, mtoto akachukuliwa na khalati. Mwanamke hakuzaa, ndugu yake akampa mmoja wa wanawe. Ni desturi yetu nzuri, na siko hapa kuibeza. Ila mtoto aliyetolewa kwa babake na kupewa ami huuliza swali lile lile usiku: mbona mimi? Kumjibu kwamba "ni damu moja" hakumtoshelezi.

Wapo watakaosema ushauri nasaha ni mambo ya Wazungu, sisi tunayo dini. Nami nasema, tuishike hiyo dini sawasawa. Surat al-Ahzab, aya ya 5, inaamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Zaid bin Haritha alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad mpaka aya hizo zilipoteremka. Akarudishiwa jina la babake, na mapenzi ya Mtume, rehma na amani zimshukie, hayakupungua. Mtume mwenyewe alikuwa yatima, akalelewa na babu kisha ami, na hakuna aliyemficha asili yake. Siri tunayoilinda kwa jina la huruma haikutoka katika dini. Imetoka katika kuogopa maneno ya barazani. Mficha uchi hazai.

Hata lile la mtandio lilikuwa na dawa, lau mtu angekaa na wazazi mapema. Mtoto akinyonyeshwa kabla ya kutimiza miaka miwili, mara tano kwa madhehebu yetu ya Shafi, anakuwa mwana wa ziwa. Dadake yule mama angemnyonyesha, kijana leo angekuwa mwana wa nduguye, na pazia lisingekuwepo. Hata mirathi, ambayo wengi huinyamazia, ina njia yake: wasia hadi thuluthi ya mali, au zawadi ukiwa hai. Haya ni mambo ya saa moja ya mazungumzo. Hakuna aliyewapa saa hiyo.

Ndiyo maana nasema msaada hauwezi kuwa wa dini peke yake wala wa saikolojia peke yake. Shekhe atamweleza mama hukumu ya maharimu, lakini huenda asijue kwa nini mtoto aliyeanza maisha bila ya mtu wa kumbeba hujaribu mapenzi ya mlezi wake kwa kumuudhi makusudi. Mshauri nasaha analijua hilo, lakini bila ya kuijua kafala atatoa ushauri ambao nyumba haiwezi kuufuata. Wawekwe meza moja.

Ninayoyaomba hayahitaji jengo jipya. Kaunti iweke mshauri nasaha wa watoto na familia katika kliniki ya kawaida, mbali na foleni ya wagonjwa wa akili, hata kama ni siku moja kwa wiki. Afisi ya watoto imtembelee mlezi baada ya mwaka, baada ya miaka mitano, na anapokaribia kubaleghe. Kamati za misikiti, zinazochangisha kila Ramadhani kwa ajili ya mayatima, zitenge kidogo kulipia vikao vya nyumba zinazolea. Bajeti ya kaunti ina vikao vya maoni ya wananchi kila mwaka. Tuache kwenda kuomba taa za barabarani peke yake.

Kwa mlezi asiyeweza kungoja hayo: anza kumsimulia mtoto asili yake angali mdogo, kidogo kidogo, kabla hajasimuliwa na mwengine kwa kumkejeli. Andika na uhifadhi kila unachokijua kuhusu wazazi wake. Namba 116 ya watoto ni bure, mchana na usiku, na mzazi pia anaweza kuipiga. Ukienda kwa mshauri wa kibinafsi, muulize kama amesajiliwa, maana kuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na muulize kama anaijua kafala. Akisema haijui lakini yuko tayari kujifunza, huyo anafaa.

Yule mama amemweleza kijana yote. Ilichukua usiku mzima, na mumewe alikuwepo. Kijana alilia, kisha akauliza swali moja: kama wangejaaliwa kuzaa wenyewe, wangemchukua? Mama akamjibu kwamba hajui, ila anajua hangekubali kumpoteza sasa. Bado hajamwita mama. Lakini usiku ule, anasema, alilala.

Bado wanatafuta mtu wa kuketi nao. Katika mji wenye misikiti mingi kama wetu, hospitali na afisi za serikali mbili, hilo lisingekuwa jambo la kutafutwa.