Mbwa wa getini tunamtaka afanye kazi gani hasa?

Wanyama tunaoishi nao, sehemu ya 6



Swali lililonijia mara nyingi wiki hii ni hili: "Sista, nimefuga mbwa mwaka wa pili sasa, simuoni faida yake. Mwizi kaingia kabeba kuku watano, yeye hata kubweka hajabweka. Nimfukuze?" Na kuna upande wa pili wa swali hilo hilo: "Mbwa wetu mkali mno, kamng'ata mtoto wa jirani, lakini si ndiyo kazi tuliyomfugia?"

Nitajibu ninavyoona mimi, na mtakaopinga mpinge tu, tunaelimishana.

Ukikaa na mtu wa huku kwetu, iwe Kilosa mjini au Mikumi, ukamwomba akutajie anachotaka kwa mbwa wake, atakutajia mengi. Abweke usiku. Amtishe mwizi. Afukuze ngedere na nyani shambani. Asimguse mwanangu. Asiingie jikoni. Halafu kuna moja ambalo halisemwi, ila ndilo kubwa: ajitafutie chakula mwenyewe. Hapo ndipo mambo yote yanapoharibika.

Chukua Mikumi. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa mpaka Zambia inapita katikati ya mji. Malori yanalala pale, nyama inachomwa mpaka usiku wa manane, mifupa inatupwa. Mbwa ambaye nyumbani hapewi kitu anajua vizuri riziki yake iko wapi. Saa nane usiku mwizi anaporuka ukuta wako, mbwa wako yuko barabarani anagombania mfupa na wenzake ishirini. Asubuhi anarudi, analala kivulini, wewe unasema mbwa mvivu. Jamani! Katoka zamu.

Sasa mlinganishe na mbwa wa wafugaji. Wilaya yetu ina Wamasai wengi, nendeni mkaangalie mbwa wa kwenye boma. Kakuzwa pale tangu kitoto, kati ya ndama na watoto, anakula pale, analala pale, watu wa boma anawajua kwa harufu. Ni mbwa koko kama wa kwako, hana hata tone la damu ya kizungu. Lakini ukisogea usiku bila kuitwa, utajua kuna mbwa. Anajua kwake ni wapi.

Sisi wa mjini tunanunua kibao KUNA MBWA MKALI, tunakipigilia getini, tunampa jina Simba au Komando, basi tumemaliza malezi. (Majina ya mbwa yanahitaji mada yake. Kuna mtaa una mbwa anaitwa Wivu na jirani wa pili kajibu kwa kumwita wa kwake Mtajiju.) Ukali wenyewe tunautafuta kwa mnyororo. Mbwa anafungwa kwenye mwembe toka asubuhi mpaka usiku, mnyororo wa mita moja, watoto wa shule wakipita wanamrushia mawe na maganda ya miwa. Wapo wanaomlisha pilipili eti awe kali. Mnyama wa namna hiyo hajifunzi kulinda. Anajifunza kwamba watoto ni maadui. Siku mnyororo ukikatika hatamtafuta mwizi, atamtafuta mtoto.

Na wa shambani nao niwaseme kidogo. Mkiwa mnalima karibu na hifadhi, mbwa anasaidia kweli kwa ngedere na nyani, lakini akiwa na watu. Kumwacha peke yake akeshe shambani ni kumwonea. Dume la nyani lina meno ya kumchana mbwa vibaya, na usiku kuna fisi na chui. Kwa tembo ndiyo kabisa msimtegemee. Mbwa atambwekea tembo, tembo akikasirika mbwa atakimbilia kwa mwenyewe, yaani kwako. Umeletewa tembo mlangoni.

Sasa niingie kwenye eneo langu, la mtoto.

Mama anaposema "mbwa wetu hawezi kumng'ata mwanangu, amemzoea," mimi huwa situlii. Kumzoea ni kitu kizuri, lakini mbwa haelewi umri. Mtoto wa miaka miwili anamvuta mkia, anamwingilia kwenye sahani, anamwamkia usingizini, anabeba kitoto chake. Mbwa mwenzake akifanya hivyo angeonywa kwa jino. Anamwonya na mtoto vile vile, na mtoto kimo chake kiko sawa na mdomo wa mbwa, kwa hiyo jeraha linakuja usoni, kichwani, shingoni. Mbwa anaweza kuwa mwema miaka mitano na bado siku moja akafanya hilo. Kwa hiyo tarajio la kwamba mbwa atamlea mtoto, liondoeni. Mtoto mchanga na mbwa hawaachwi peke yao hata dakika ya kwenda kuchota maji.

Wakubwa kidogo wafundisheni: mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha haguswi. Mbwa mgeni akikusogelea usikimbie, simama kama mti, mikono chini, usimkazie macho. Watoto wanaelewa haya haraka kuliko sisi.

Halafu kichaa cha mbwa. Hapa ndipo naomba mtulie msome, hata mliokuwa mnaruka mistari.

Karibu binadamu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani wameupata kutoka kwa mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, ugonjwa huu karibu hauna anayepona. Kabla dalili hazijaanza unazuilika kabisa. Mara nyingi zinachukua miezi miwili au mitatu kujitokeza, wakati mwingine wiki chache tu, wakati mwingine hata mwaka. Kidonda kimekauka, mtoto anacheza, nyumba nzima imesahau.

Kinachoniuma ni watoto wanaoficha. Mtoto kang'atwa na mbwa wa nyumbani kwao, hasemi, maana anajua ataulizwa "ulimfanya nini?" na fimbo juu. Au anasema, mama anajibu "ah, huyo si wetu tu." Mbwa wako ambaye usiku alikuwa barabarani na mbwa ishirini, unajua aling'atana na nani?

Akishang'atwa, au kukwaruzwa, au hata mate ya mbwa yakiingia kwenye kidonda, jicho au mdomo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima. Tazama saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani na mtoto atalia. Usipake mafuta ya taa, majivu, unga wa betri wala manyoya ya mbwa aliyemng'ata. Halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama chanjo haipo pale, waulize iko wapi karibu, usirudi nyumbani kusubiri. Sindano zina tarehe zake kwenye kadi na zote zinamalizwa, hata mtoto akiwa anaruka kamba.

Na mbwa? Msikimbilie kumuua kwa hasira. Kama anaweza kufungwa salama, afungwe, mpeni taarifa bwana mifugo, aangaliwe siku 10. Ila mtoto hasubiri hizo siku 10, anaanza chanjo. Na mjue mbwa mwenye kichaa si lazima awe anakimbia huku anatoa povu. Mkali anaweza kuwa mpole ghafla, mpole akawa mkali. Mwingine mdomo unabaki wazi, mate yanatoka, utadhani kakwamwa na mfupa. Tafadhali msitie mkono mdomoni kuutafuta huo mfupa.

Dawa ya haya yote ni chanjo ya mbwa mwenyewe, kila mwaka, hata akiwa kitoto. Sindano moja ya mbwa ni nafuu mno ukilinganisha na sindano za mtoto aliyeng'atwa, bado nauli na siku za shamba zilizopotea. Mkisema haiwezekani kwa nchi yetu, angalieni Pemba. Walichanja mbwa, wakaumaliza ugonjwa kisiwani mwaka 2014. Chanjo zikalegea, 2016 ukarudi, wakachanja tena, 2018 wakaumaliza tena. Ni mbwa koko wale wale na watu kama sisi. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa unakosa pa kupita. Kwa hiyo wale watatu wa mtaani wasio na mwenyewe hawatushindi, tunashindwa na wale saba wenye majina.

Sisi wa pembeni mwa hifadhi tuna sababu nyingine. Mwaka 1994 kule Serengeti ugonjwa mwingine wa mbwa, unaoitwa distempa, uliua simba kama elfu moja, karibu theluthi ya simba wote wa pale, na mbwa wa vijijini walihusishwa. Mikumi tuna simba na tuna mbwa mwitu. Vijana wangapi hapa wanakula kwa ajili ya watalii? Haya, tuliache hilo.

Narudi kwa mama wa kuku watano. Umfukuze? Hapana. Mbwa ukimfukuza hapotei hewani, anahamia kwa mtoto wa mtu mwingine, tena bila chanjo na bila mwenyewe. Jaribu hivi miezi mitatu. Mpe ugali wa pumba na dagaa au utumbo jioni, saa ile ile kila siku, kwenye chombo chake, ndani ya uzio. Mchana afungiwe kibandani penye kivuli na maji, usiku mfungulie ndani ya uzio azunguke. Mtu mmoja wa nyumbani awe ndiye anayemlisha na kumwita. Mchanje, mpe dawa ya minyoo, na akiwa jike na hutaki vitoto, muulize bwana mifugo kuhusu kumfunga uzazi. Mpaka hapo utakuwa umempa sababu ya kulala kwako usiku. Akibweka, amka umulike. Kuna watu mbwa akibweka wanamrushia kiatu wapate usingizi, halafu asubuhi wanamdai kuku.

Na yule mwenye mbwa aliyemng'ata mtoto wa jirani: nenda kwa jirani yako kesho asubuhi. Beba cheti cha chanjo cha mbwa kama kipo, na kama hakipo sema ukweli kwamba hakipo, kwa sababu nesi atakayempokea yule mtoto atauliza. Gharama za hospitali na nauli ni zako, wala msisubiri kuitwa kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kama hesabu ya jikoni kwako haina nafasi ya sufuria ya mbwa, usifuge. Nunua kufuli nzuri na taa ya getini. Hilo nalisema bila kumdharau mtu, maisha yamepanda na watoto ndio wa kwanza kula.

Maswali yenu wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku. Sehemu ya 7 ni paka na mama mjamzito, maana naona mmeanza kutishana huko kwenye magrupu.