Hiari Isiyo Hiari

Hiari yashinda utumwa, walinena wahenga. Je, hiari inayotiwa sahihi kwa pupa, katikati ya bunda la karatasi za wakala, ni hiari kweli? Swali hili linawakabili wataalamu wa kandarasi nchini Uingereza.

Kanuni za mwaka 2003 kuhusu mawakala wa ajira, zilizoanza kutumika mwaka 2004, zinamkataza wakala kumnyima mtu ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya eti kwa kuwa mteja hajalipa. Aidha, zinawekea mipaka ada anayotozwa mteja anayetaka kumwajiri mtu huyo moja kwa moja. Hata hivyo, kanuni ya 32 inamruhusu mtaalamu anayefanya kazi kupitia kampuni yake mwenyewe kujitoa katika kinga hizi, mradi yeye na kampuni hiyo watoe taarifa mapema.

Wapo wanaoshikilia kuwa kujitoa kunathibitisha uhuru wao mbele ya mamlaka ya kodi. La hasha! Hadhi ya kikodi hupimwa kwa hali halisi ya kazi, wala si kwa karatasi moja. Isitoshe, kanuni iyo hiyo inamkataza wakala kufanya kujitoa kuwa sharti la kutoa huduma zake. Anayeambiwa atie sahihi au aikose kazi, basi, hana hiari. Ana shinikizo, na sheria imekwisha kulikataa.

Mtaalamu na asome kwanza, apime, ndipo aamue. Usiache mbachao kwa msala upitao.