Chuma cha Ruzizi kitengenezwe hapahapa

Umeme unapokatika Muhumba, katika komine ya Ibanda mjini Bukavu, kwanza husikika jenereta, kisha lawama kwa shirika la umeme, SNEL. Lawama hizo zina haki yake. Ila kuna swali ambalo wakaaji wa mji hawaulizi: chuma cha mitambo ya Ruzizi kinapolika, nani anakitengeneza, na wapi?

Bwawa la Ruzizi I linatoa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ruzizi II, la kampuni ya SINELAC inayomilikiwa na Kongo, Rwanda na Burundi, lilianza kazi mwaka 1989. Turbini zinazozunguka usiku na mchana lazima zichakae. Maji hutafuna mapanga yake, mhimili husagika kwenye beringi, na takataka za plastiki kutoka Ziwa Kivu huongeza mzigo. Mara nyingine kilicholika ni milimita chache tu, lakini pasipo fundi wa kuzijaza, kipuri kizima huagizwa ng'ambo na mtambo hukaa ukisubiri.

Kwingineko duniani, kazi hiyo hufanywa kwa leza. Mwale wake huyeyusha uso wa chuma kilicholika, huku unga wa metali ukipulizwa mahali hapohapo. Unga huyeyuka na kushikana na chuma cha chini, tabaka juu ya tabaka, kisha kipande hukerezwa hadi kipimo chake cha mwanzo. Kuchomelea kwa kawaida nako hujaza, lakini joto lake jingi linaweza kupinda mhimili. Leza hupasha sehemu ndogo tu.

Kinachouma ni kwamba unga wa kazi hiyo mara nyingi huwa na kobalti au tungsteni. Kongo inaongoza duniani kwa kuchimba kobalti, na madini ya tungsteni huchimbwa Kivu. Yanatoka yakiwa mawe, yanarudi yakiwa vipuri vya bei kali.

Wengine watasema mashine hiyo ni ghali na inataka umeme usiokatika. Ni kweli. Ndiyo maana haihitajiki kila garaji. Karakana moja ya nchi hizo tatu, ikijengwa karibu na bwawa lenyewe, ingetosha. Mafundi waanze na kupima uchakavu, kukereza na kuchomelea chuma kigumu, leza ifuate.

Uhasama wa kisiasa upo, lakini turbini za Ruzizi II zinachakaa kwa hasara ya nchi zote tatu. Sasa kuna mradi wa Ruzizi III, wa nchi hizohizo. Karakana na mafunzo ya mafundi viandikwe katika mipango yake tangu sasa. La sivyo, Muhumba itapata bwawa jipya na delestaji ileile.