Saratani ya Kongosho: Hesabu Isigeuzwe Ramli

Mficha maradhi kilio humfichua, walisema wahenga. Lakini yako maradhi ambayo mgonjwa hayafichi, bali hujificha yenyewe. Saratani ya kongosho ni mojawapo. Kongosho, kile kiungo kinachotoa insulini na maji ya kusagia chakula, kimelala nyuma ya tumbo la chakula, na uvimbe ukianza humo haugusiki kwa mkono wala hauumi mapema. Mgonjwa anapokonda au macho yake yanapogeuka manjano, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea.

Mwaka 2022 saratani hiyo iligunduliwa kwa watu wapatao 511,000 duniani, na katika mwaka huo huo iliua watu wapatao 467,000. Hata huko Marekani, penye vyombo na madaktari wa kila aina, ni wagonjwa 13 tu kati ya 100 wanaokuwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa.

Si ajabu basi kwamba wataalamu wametafuta njia ya kumtambua mtu aliye hatarini kabla ya ugonjwa kuanza. Mwaka 2013 watafiti, akiwamo Alison Klein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walitangaza hesabu iliyounganisha mambo mawili: mwenendo wa maisha na urithi wa damu. Upande wa kwanza waliweka uvutaji wa sigara, ulevi wa kupindukia, unene, ugonjwa wa kisukari na historia ya ukoo. Upande wa pili waliweka kundi la damu, kwa kuwa wasio wa kundi O wana hatari iliyozidi kidogo, pamoja na tofauti tatu ndogo za chembe za urithi.

Je, hesabu hiyo ilifaulu? Tuchukue watu wawili, mmoja mgonjwa na mwingine mzima, kisha tuiulize hesabu ni yupi aliye hatarini zaidi. Anayerusha sarafu atapatia mara 50 katika 100. Mwenendo wa maisha peke yake ulipatia mara 58, chembe za urithi peke yake mara 57, na vyote viwili kwa pamoja mara 61. Hayo ni maendeleo, lakini ni maendeleo ya hatua fupi. Zaidi ya hayo, walioonekana kuwa na hatari ya kuugua inayozidi asilimia tano maishani mwao hawakufika watatu katika kila elfu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nchini Marekani saratani hii huwapata kwa mwaka watu wapatao 13 katika kila 100,000. Kipimo kinachokosea mara moja tu katika 100 kingewatia hofu watu wazima wapatao elfu moja ili kuwasaka hao 13, na kumchunguza mtu kongosho si sawa na kumtoa damu kidoleni. Ndiyo maana mwaka 2019 jopo la wataalamu wa kinga la Marekani lilirudia shauri lake kwamba watu wasio na dalili wala hatari maalumu wasipimwe saratani hiyo.

Hatusemi kwamba elimu ya urithi haina faida. Ziko koo ambazo kasoro moja nzito, kama ile ya jeni iitwayo BRCA2 au CDKN2A, hupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Huko Uholanzi watu wa koo za namna hiyo wamekuwa wakichunguzwa kila mwaka, na wengi wa waliopatikana na uvimbe walipatikana ungali wa kukatwa. Kwa hao, kujua mapema ni uhai.

Lakini hesabu ile ya 2013 ilitengenezwa kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Je, Mwafrika aipokee ilivyo? Mwaka 2019 uchunguzi wa chembe za urithi za watu wapatao 6,400 wa vijiji vya Kyamulibwa, Uganda, ulionyesha tofauti nyingi ambazo hazikujulikana Ulaya. Mojawapo, inayohusu utengenezaji wa damu, hugusa hata kipimo kinachotumika kutambua kisukari, na kisukari ni nguzo mojawapo ya hesabu tunayoizungumzia. Vazi lililoshonwa kwa kipimo cha mwingine halitatukaa. Anayetaka kutuuzia kipimo hicho hapana budi kwanza aonyeshe kwamba kimepimwa kwetu.

Wakati huo huo yapo yasiyongoja maabara. Mvutaji wa sigara ana hatari karibu maradufu ya asiyevuta, na hatari hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita tangu alipoacha. Uganda ilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2015. Kuitekeleza kutaokoa watu wengi kuliko orodha ya chembe za urithi. Aidha, mtu aliyetimiza miaka 50, akishikwa na kisukari ghafla huku anakonda bila sababu, asipewe vidonge tu na kuruhusiwa kwenda zake. Madaktari wa Mayo Clinic walionyesha mwaka 2018 kwamba umri, uzito na sukari ya damu vikitazamwa pamoja vinaweza kuwachuja wanaostahili kuchunguzwa zaidi. Mizani na kipimo cha sukari vinaweza kuwekwa hata katika zahanati.

Kwa maoni yetu, hesabu ya hatari ni taa ya kumwonyesha daktari pa kutazama. Ikigeuzwa ramli ya kuuzwa kwa kila mwenye fedha, itawatisha walio wazima na kuwaliwaza bure walio hatarini. Wataalamu wetu wapewe nafasi ya kuipima kwa damu ya watu wetu, na mwananchi asingoje majibu yao ndipo aitupe sigara.