Kadi ya Zawadi Isiyo na Lakiri: Mwizi Atangulie, Sheria Ifuate?



Leo sina habari ya uchaguzi wala ya Katiba Mpya. Nina habari ya kadi ndogo ya plastiki, ile ya zawadi inayoning'inizwa madukani karibu na kaunta. Naomba msiniambie ni jambo dogo mpaka mmalize kusoma, kwa sababu ndani yake limo swali letu lile lile la siku zote: sheria inatungwa kumlinda nani?

Mimi ni muuguzi hapa Doha. Wodini kwetu tumechanganyika: Wahindi, Wafilipino, Wakenya na sisi Watanzania wachache. Mwenzetu mmoja alikuwa anamaliza mkataba na kurudi kwao Manila. Tukachanga, kila mtu na uwezo wake, zikapatikana riyal 500. Nikatumwa mimi nikanunue kadi ya zawadi ya duka fulani ili akajichagulie mwenyewe anachotaka. Nikaichukua pale ilipotundikwa, nikalipa, keshia akaiwasha, nikapewa risiti. Tukamkabidhi kwa keki na picha.

Siku ya pili akaenda dukani. Kadi haina kitu. Sifuri.

Ndugu zangu, hela ilikuwa kitu kidogo. Kilichoniumiza ni macho ya wenzangu. Hakuna aliyesema neno, lakini nani alichukua pesa? Mimi. Nani alienda dukani? Mimi. Risiti niliionyesha, na bado mtu anaweza kusema risiti ni ya kadi, matumizi ni yako. Duka likanijibu kwamba kadi iliwashwa sawasawa na imetumika sawasawa, basi. Nikalipa riyal 500 kutoka mfukoni kwangu ili jina langu libaki safi. Qatar ina Sheria ya Kumlinda Mlaji, Namba 8 ya mwaka 2008, ningeweza kupeleka malalamiko. Sikupeleka. Niliona aibu, na hilo ni kosa langu.

Nilipotulia nikaikagua ile kadi kwa tochi yangu ya kazini. Utepe wa kukwangua ulikuwa na kingo mbili. Wa pili ulibandikwa juu ya wa kwanza.

Wizi wenyewe uko hivi. Kadi ikiwa imetundikwa dukani haina pesa, kwa hiyo hakuna anayeilinda. Mwizi anaichukua, anakwangua utepe, ananakili namba ya kadi na namba ya siri, anabandika utepe mpya, kisha anairudisha pale pale. Halafu anasubiri. Anaangalia salio kwenye mtandao mara kwa mara, mara nyingi kwa kutumia programu inayomfanyia kazi hiyo. Siku mimi na wewe tunapolipa, pesa inaingia. Dakika chache baadaye imekwisha, na kadi yenyewe bado iko ndani ya bahasha yako ya "Kwaheri mpendwa".

Sasa niwape kilichonichoma kama muuguzi. Kila siku nikiwa kazini nikikuta pakiti ya bomba la sindano imefunguka hata kidogo, naitupa. Sibishani na mtu, siulizi nani kaifungua. Chupa ya dawa ikiwa kifuniko chake kimeguswa, haimfikii mgonjwa. Kanuni hiyo nilifundishwa mwaka wa kwanza wa shahada yangu. Lakini kadi yenye thamani ya riyal 500 niliinunua ikiwa imebandikwa kwenye kipande cha karatasi tu, namba zake ziko wazi kwa yeyote mwenye kucha!

Na hiyo kanuni ya dawa haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1982, katika eneo la Chicago, watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sianidi. Mtu alifungua vidonge, akatia sumu, akarudisha chupa kwenye rafu za maduka. Mnaona ulivyo ule ule mchezo? Kuchukua, kuharibu, kurudisha. Kampuni ya Johnson & Johnson iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani kwa mauaji yale. Lakini kabla mwaka ule haujaisha, serikali ya Marekani iliagiza dawa za aina hiyo zifungwe kwa namna ambayo ikiguswa itaonekana, na mwaka 1983 ikapitishwa sheria ya kuwaadhibu wanaochezea bidhaa. Muuaji hakupatikana, lakini mlango wake ulifungwa. Hilo ndilo somo langu la leo.

Nina binamu yangu yuko Maryland, Marekani, anafanya kazi ya keshia. Nilipomsimulia mkasa wangu kwa simu akacheka, akasema, "Dada, kadi ya namna hiyo huku kwetu inatutia matatani sisi wauzaji." Nikafuatilia. Ni kweli. Mwaka 2024 Bunge la jimbo hilo lilipitisha, na Gavana Wes Moore akatia saini, sheria ya kuzuia utapeli wa kadi za zawadi, ya kwanza ya aina yake nchini Marekani. Masharti ya kifungashio yalianza tarehe 1 Juni 2025. Kwa ufupi, kadi inayouzwa dukani inatakiwa iwe ndani ya kifungashio kilichofungwa, kinachoficha namba za kuitumia, na ambacho kikifunguliwa kitaonyesha alama. Kiwe na onyo kwa mnunuzi. Na mwenye duka awafundishe wafanyakazi wake kuutambua utapeli na la kufanya wakiuona.

Wenye maduka walilazimika kutii: kuondoa kadi za zamani, kuagiza mpya, kufundisha watu. Gharama ipo, sikatai. Lakini angalieni mzigo umehamia wapi. Kabla ya hapo mzigo wa kukagua ulikuwa wa bibi anayemnunulia mjukuu wake zawadi, ambaye hajui hata utepe halisi unafananaje. Sasa ni wa yule mwenye kiwanda na mwenye duka, wenye uwezo wa kuubeba.

Turudi nyumbani. Sheria zetu nyingi zinamsubiri mwizi. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Nzuri, inaadhibu. Lakini inaadhibu aliyekamatwa, na mwizi wa kadi ni nani atamkamata? Kenya wana Katiba ya 2010 ambayo kifungu chake cha 46 kinampa mlaji haki zake waziwazi. Na sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 yenye sura za kumlinda mlaji. Msingi upo. Kinachokosekana ni ile kanuni ndogo, ya kifungashio, inayomtangulia mwizi badala ya kumfuata nyuma.

Na tusidanganyane kwamba hatuwezi. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kubandika stempu za kodi za kielektroniki kwenye bia, pombe kali, sigara na baadaye soda. Kila chupa! Mwaka huo huo Kenya nayo ilipeleka stempu zake mpaka kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo uwezo wa kuweka alama ya usalama kwenye bidhaa ndogo ya bei ndogo upo, na viwanda viliambiwa vitii, vikatii. Tofauti ni kwamba pale ilikuwa inalindwa hela ya serikali. Ya mama aliyenunua kadi au vocha analindiwa na nani?

Najua kuna watakaosema, "Dada, dunia imehamia kwenye simu, nani bado ananunua kadi?" Wanunuzi wapo, na maduka makubwa ya Nairobi yanauza vocha za zawadi. Waliokua na vocha za kukwangua wanajua uchungu wa kukwangua na kuambiwa imeshatumika. Wengine watasema kifungashio hakizuii utapeli wa pili, ule wa kumpigia mtu simu na kumwambia akanunue kadi asome namba. Ni kweli, hakizuii. Marekani peke yake, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipokea taarifa za watu kupoteza dola milioni 217 kwa njia hiyo mwaka 2023. Ni ndugu wa damu wa ule ujumbe wetu wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Ndiyo maana sheria ya Maryland ikaongeza mafunzo ya wauzaji. Keshia aliyefundishwa akimwona mzee ananunua kadi kumi huku anatetemeka na simu sikioni, atauliza. Swali moja tu linaweza kumwokoa. Wodini tunaita hivyo hivyo: lakiri inalinda dawa, na jicho la muuguzi linamlinda mgonjwa. Vyote viwili vinahitajika.

Hoja yangu basi ni hii. Wabunge wetu na wale wenye mamlaka ya ushindani na viwango waweke kanuni fupi: kadi au vocha yoyote yenye thamani ya fedha isiuzwe namba zake zikiwa zinafikika bila kuvunja lakiri, isiyofungwa hivyo ikae nyuma ya kaunta, na ikikutwa tupu siku chache baada ya kununuliwa, muuzaji na mtoaji wa kadi ndio wathibitishe, siyo mnunuzi. Wafanyabiashara wa nyumbani msisubiri kulazimishwa. Anayetii kabla ya sheria anajijengea jina.

Na sisi tulioko huku, ambao ndio tunaotuma zawadi kila Iddi na Krismasi: usichukue kadi ya mbele kwenye ndoano, kagua utepe na kingo zake kwa kidole, tunza risiti, na anayepewa aitumie mapema. Ukikuta imechezewa, usiirudishe kwenye ndoano ukachukua nyingine. Mpe keshia mkononi, mwambie kwa nini. Ukiirudisha, utakuwa umemwachia mwenzako sindano iliyofunguliwa.

Yule mwenzetu wa Manila alishaondoka na zawadi yake. Ile kadi tupu ninayo mpaka leo, ndani ya mfuko wa koti langu la kazini. Kila muuguzi mpya akija namwonyesha zile kingo mbili.

Naomba kuwasilisha.