Si Mtandao, Ni Mimi

Najua nimepotea sana. Nilikuwa field, mazoezi ya kufundisha, sekondari moja kule Korogwe ambayo jina lake naliweka mfukoni. Nimerudi chuo juzi, bado nina vumbi la chaki kwenye begi. Wengi mnasubiri vituko vya darasani, hivyo vitakuja. Leo nina hoja moja: ile kauli ya "mtandao unasumbua" tuiache, na sisi tunaosomea ualimu ndio tuanze.

Ngoja niwape kisa, halafu mnihukumu.

Shule ile ina programu ya matokeo iliyoandikwa kwa Java. Inakaa kwenye kompyuta moja ofisini kwa mwalimu wa taaluma, ndani ya Tomcat. Walimu wanaingiza alama kwa simu kupitia Wi-Fi ya shule, ila lazima waandike anuani ndefu yenye 8080 ndani yake. Walimu wazee walikuwa wanaisahau kila siku. Mimi nikajifanya fundi. Nikasema nitaweka Apache mbele, waandike jina fupi tu basi.

Kwa wasiojua, fikiria kafteria yetu. Kuna dada wa dirishani na kuna mpishi jikoni. Wewe huingii jikoni. Unaongea na dada, yeye anapeleka oda nyuma na kukuletea sahani. Apache ndiye dada wa dirishani, anasikiliza mlango namba 80, na 443 kwa mawasiliano yaliyofungwa kwa siri. Tomcat ndiye mpishi, kwa kawaida mlango wake ni 8080. Faida yake ni kwamba mteja anajua dirisha moja tu, na jikoni haingii kila mpita njia.

Wazo zuri. Tatizo fundi mwenyewe. Nilifuata mwongozo wa zamani, enzi za Tomcat 6, unaotumia mod_jk na lugha ya AJP kupitia mlango 8009. Usiku huohuo nikaiboresha Tomcat kuwa toleo jipya la 9, nikafunga 8080 kabisa, eti usalama. Asubuhi nafungua, naona 503. Siku yenyewe ni ya kikao cha wazazi!

Sababu nimekuja kuijua baadaye. Februari 2020 ilitangazwa hitilafu iliyopewa jina Ghostcat: mtu aliyeweza kuufikia mlango wa AJP aliweza kusoma mafaili ya ndani ya programu. Ndiyo maana kuanzia Tomcat 9.0.31 mlango huo unakuja umefungwa, na ukiufungua unadai neno la siri ambalo Apache nayo lazima ilijue. Mimi nilinakili mstari wa zamani usio na neno hilo, Tomcat ikakataa kuufungua. Na 8080 nimeshaifunga kwa mkono wangu. Yaani mpishi yupo jikoni, moto unawaka, milango yote imepigwa kufuli. Na Tomcat iliyasema hayo waziwazi kwenye faili lake la logi. Sikulisoma! Nilishinda nazima na kuwasha kompyuta.

Mwalimu wa taaluma akawaambia wazazi, "Samahanini, mtandao unasumbua." Nikanyamaza. Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo, kuliko hata ile AJP.

Kikao kilipoisha mama mmoja akanifuata. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Ametoka kijiji cha nje ya Handeni mjini, bodaboda kwanza halafu Costa mpaka Korogwe. Baba yake binti anasema hela ya hosteli inapotea bure, mtoto haendi mbele. Mama kaja achukue matokeo ya hesabu akayaweke mezani nyumbani. "Mwalimu, huo mtandao utarudi saa ngapi?" Nikamjibu, "Mama, hatujui." Akaondoka mikono mitupu.

Sasa tufikiri pamoja. Mtandao ukikatika, simu inakuambia imeshindwa kuunganishwa. Ukiona 503, maana yake umefika dirishani, dada amekusikia, amegonga jikoni hakuitikiwa. Hiyo 503 yenyewe imeletwa na mtandao! Dirishani akikaa nginx badala ya Apache, kwa kosa kama hilo utaona 502. Namba hizo zinakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Sisi tunazifunika kwa neno moja lisilo na mwenyewe, na kwa kuwa halina mwenyewe, hakuna anayetengeneza.

Msidhani ni mambo ya kishule tu. Dada yangu ni muuguzi zahanati moja Handeni, anajaza vitabu vya MTUHA: kliniki za wajawazito, chanjo, malaria. Takwimu hizo huishia kwenye DHIS2, mfumo ambao Kenya iliueneza nchi nzima kwa njia ya mtandao mwaka 2011 na sisi Tanzania tukafuata. Umeandikwa kwa Java, unakaa ndani ya Tomcat, na mbele yake huwekwa nginx au Apache. Dirisha na jiko vilevile. Pale mlimani UDSM kuna vijana wenzetu wanaoufanyia kazi. Kwa hiyo hii si elimu ya Wazungu huko mbali.

Rafiki yangu mmoja hapa bweni ananiambia, "Hayo waachie watu wa IT, wewe kafundishe." Ndugu yangu, shule nyingi za Handeni hazina mtu wa IT. Ukiajiriwa kule kama mwalimu wa kompyuta, fundi ni wewe. Na sisi hapa tumefundishwa andalio la somo na kupamba maandishi kwenye Word, tukaambiwa tumeiva.

Ninachoomba ni kidogo. Kompyuta moja kuukuu kwenye maabara yetu, iwekwe Apache na Tomcat, tuiharibu makusudi, kisha tuitengeneze kwa kusoma logi. Mimi yangu ilipona kwa kuachana na AJP, kuirudisha 8080 ila isikilize ndani ya kompyuta tu, yaani 127.0.0.1, na kuiandikia Apache mistari miwili:

ProxyPass / http://127.0.0.1:8080/
ProxyPassReverse / http://127.0.0.1:8080/

Basi. Mistari miwili ndiyo iliyomrudisha mama wa watu Handeni bila kitu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa naenda nyumbani Handeni, nikapata ruhusa ya mwalimu wa taaluma nikabeba karatasi ya matokeo mpaka kwake. Binti ana C ya hesabu, muhula uliopita alikuwa na F. Nikamweleza mama ukweli wote, kwamba siku ile mtandao ulikuwa mzima, aliyeharibu ni mimi. Akaisoma karatasi mara mbili, akanitazama, akacheka.

"Kumbe mtandao wenyewe ni wewe, mwalimu!"

Naomba kuwasilisha.